Bugenvile ya Mpakani

Mwavita mwanangu,

Salamu sitakupa, kwa sababu uko chumba cha pili na nasikia unavyolifunga na kulifungua sanduku lile lile. Mama yako anakuambia uweke sweta, wewe unasema Uvira ni joto, yeye anasema kwenye boti kuna baridi. Mambo ya sweta, dawa ya malaria, shangazi yako wa Bukavu na nani atakayekupokea ukishuka garini, hayo ni ya mama yako na ameshayamaliza. Mimi sina la kuongeza. Nimekaa huku chumbani na karatasi, nafikiria bugenvile.

Najua utasema, baba huyu, mtoto anakwenda kuanza kazi mbali, yeye anaandika habari za maua. Lakini tangu siku ulipoikata bugenvile yetu hatujazungumza, mimi na wewe. Mama yako amekuwa mkalimani. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Muulize huyo mtoto amefunga maji ya bomba?" Leo asubuhi ukaniuliza kwa mdomo wako mwenyewe, "Papa, kesho utanisindikiza ku port?" Nikajifanya nasikiliza redio. Redio ilikuwa imezimwa, na wewe uliona. Jibu nimeliweka mwisho wa barua. Usiruke kwenda kulisoma kwanza, maana tabia hiyo ulikuwa nayo hata kwa vitabu vya shule.

Lava ya kwanza ya volkano ilipoingia hapa Goma ulikuwa mgongoni kwa mama yako, umelala. Tulivuka kwenda Gisenyi, Rwanda, na watu wengine wote, na mji ulipotulia tukarudi. Tulipofika Murara, mtaa wetu haukuwepo. Sisemi nyumba ziliungua, hilo tulilitarajia. Nasema tulikuta jiwe jeusi, limepanda juu kuliko madirisha yalipokuwa, na bado lina joto chini ya kandambili. Juu ya jiwe hilo alikuwa amesimama Papa Bahati, anaangalia chini kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Papa Bahati unamkumbuka, ulikuwa umeshakuwa msichana wa shule alipoondoka. Jirani yetu wa upande wa juu, mtu wa Masisi, muuza fromage, jibini ya kwao, mkristo asiyekosa misa. Nyumbani kwake walizungumza Kinyarwanda, kwetu Kiswahili cha Maniema cha babu zako, na kwenye mpaka wa viwanja vyetu tulizungumza cha Goma.

"Papa Mwavita," akaniambia, "hapa njo mulango yangu ilikuwa."

"Hapana. Hapo njo jikoni yangu."

"Jikoni yako ilikuwa chini."

"Na chini iko wapi sasa?"

Chini kwenyewe kulikuwa kumepanda juu. Tuligombana siku nzima. Chef wa mtaa, kiongozi wetu, alikuja na kamba, akataka kupima kutoka barabarani, na barabara nayo ilikuwa chini ya jiwe. Mwishowe tukakubaliana kwenye ufa mmoja mrefu uliopasuka katikati. Huku kwangu, kule kwake. Lakini ufa unaweza kuzibwa usiku mmoja na mtu mwenye nia mbaya. Kwingine watu huweka jiwe la mpaka. Hapa kwetu, ambapo kila kitu ni jiwe, ukiweka jiwe nani atajua kuwa ndilo la mpaka?

Papa Bahati akasema, "Kwetu Masisi banapanda muti."

Wakati ule nilikuwa naendesha lori la njia ya Rutshuru. Pale Rumangabo, walinzi wa pori walikuwa wanapunguza maua mbele ya ofisi zao, nikaomba kijiti kimoja cha bugenvile ya zambarau. Yeye alileta chake kutoka kwa masista wa Masisi, cha rangi ya chungwa. Udongo tuliutoa upande wa ziwa dogo la Lac Vert, gunia kwa gunia, nikauleta kwa lori la watu bila kuwaambia wenyewe. Tukaumwaga kwenye ufa jiwe lilipopoa, tukapanda vijiti viwili karibu karibu. Mama yako alisema havitashika. Vilishika.

Sasa nikueleze tulivyokuwa tunakata, maana wewe ulidhani ni utaratibu wa wazee tu wa kujipa umuhimu. Kila mwaka mvua zikipungua tulitoka asubuhi moja, yeye na panga lake, mimi na langu. Mwaka wa kwanza nilianza kukata shina langu mwenyewe, kama mtu yeyote angefanya. Akanizuia.

"Ya kwako mimi njo nakata. Weye ukate ya kwangu yenye inakuya kwako."

Ndivyo wanavyofanya kwao. Kila mmoja anakata kilichovuka kuja kwake. Maana yake, mimi sikuwahi kukata bugenvile yangu. Nilikata ya Papa Bahati, na yeye alikata yangu, na hakuihurumia hata kidogo. Ile ya zambarau ilikuwa na mbio. Matawi yalipita juu ya kichwa chake yakaenda hadi kwenye kamba yake ya nguo. Alikuwa anayakata mpaka kwenye mti mgumu, na mimi upande wangu naona yanaanguka, nauma meno. Nikamwambia mama yako kwamba jirani ana wivu, kwa sababu ya kwake ni ndogo.

Siku moja nilimwambia mwenyewe. Alifuta panga lake kwa majani, akasema, "Yako iko na haraka, Papa Mwavita. Nikiiachilia itakula yangu." Nikanuna. Majuma machache baadaye mashina yote mawili yakatoa maua kwenye matawi mapya, zambarau na chungwa zimechanganyika, na maharusi wakawa wanakuja kupiga picha kwetu bila kuomba ruhusa. Nikaacha kununa. Bugenvile haitoi maua kwenye tawi la zamani, Mwavita. Hilo nilijifunza kutoka kwake, ingawa sikumpa raha ya kukiri.

Kisha waasi wakaingia mjini. Tulilala chini ya vitanda, unakumbuka, na wewe uliuliza kama mabomu yanajua nyumba za watu. Hawakukaa sana. Walipotoka ndipo mambo yalipokuwa mabaya kwa Papa Bahati, kwa sababu ya lugha iliyosikika dirishani kwake, ile ile ya waasi. Watu waliokula fromage yake miaka yote wakaanza kumuuliza ndugu zake wamekimbilia wapi. Hakuwa na ndugu wa namna hiyo. Alikuwa na mke, watoto, na magoti mabovu. Asubuhi moja niliamka nikakuta wanapakia, nikamsaidia kunyanyua godoro.

Aliangalia bugenvile. Ilikuwa karibu na wakati wa kukata. Akasema, "Uiache tu. Nikirudi tutakata wote."

Nikasema sawa. Gari likaondoka. Nilimpenda yule mtu, na neno nililompa la kuagana lilikuwa "sawa".

Basi nikaiacha. Mwaka wa kwanza nilisema atarudi mvua zikiisha. Mwaka wa pili nilisema mambo bado hayajatulia. Baadaye sikusema kitu tena, ilikuwa desturi. Bugenvile ikapanda ukuta, ikapanda mabati, ikaleta panya, ikafunika dirisha la chumba chako. Ulikuwa mtoto wa kupenda kusoma, na chumba chako kikawa shimo. Siku moja ulikuja mbele yangu na daftari kifuani. "Papa, muchana pia nawasha lampe."

Nikakujibu, "Mupaka haikatwe na mutu moja."

Nililipenda sana neno hilo, nikubali. Lilinifanya nionekane mtu wa maana. Watu walipokuja kuulizia kiwanja kile kitupu, wakiwa na macho ya kununua na mifuko ya kunyang'anya, niliwaonyesha bugenvile. Ina mwenyewe, niliwaambia, na mwenyewe anarudi. Hawakurudi wao. Kwa hiyo usidhani nilikuwa mjinga tu. Kiwanja cha Papa Bahati kipo mpaka leo kwa sababu ya ule msitu. Lakini ulijiandaa kwa mtihani wa dola, ule wa kumaliza sekondari, ukiwa na taa mchana, na macho yako yakaanza kutoa machozi, na mimi nikakununulia miwani badala ya kushika panga.

Maua ya chungwa yalikuwa yanapungua. Mwaka fulani yalitokea machache juu kabisa, mwaka uliofuata hayakutokea. Nikasema ni moshi wa volkano. Unajua hapa Goma kitu kikifa tunaulaumu mlima. Maharage yakikauka ni mlima, bati likiliwa na kutu ni mlima, mtu akikohoa ni mlima. Mara nyingi ni kweli, na ndiyo maana hatuchunguzi zaidi.

Halafu lava ya pili. Ile unaikumbuka vizuri kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyetuongoza hadi Sake. Safari hii ilisimama kabla ya kutufikia. Ardhi ikatetemeka siku nyingi, ukuta ukapasuka, na tuliporudi bugenvile ilikuwa imejaa majivu lakini imesimama. Nikajivuna. Wewe ulirudi na jambo kichwani. Kule Sake, ukilala kwenye darasa na familia za watu, ulikuwa umekata shauri kwamba kazi ya laboratoire, yaani maabara, ikipatikana popote utaikubali. Ikapatikana Uvira. Nilipoambiwa nilisema, "Sawa." Naona ni neno langu la kila msiba.

Ijumaa ile nilikwenda msikitini nikakuacha umevaa suruali ya kazi. Niliporudi nilisimama njiani nikidhani nimekosea nyumba. Ukuta wetu ulikuwa mweupe kwa jua. Ulikuwa umeazima msumeno wa seremala, umejifunga vipande vya gunia mikononi, na damu ilikuwa inakutoka mpaka kwenye viwiko. Nilitazama rundo nikaona ulivyofanya kazi: ulianza nje kuingia ndani, kipande kifupi kwa kipande kifupi, kwa sababu matawi yaliyoshikana hayavutiki, na ukashusha mashina mpaka magotini, pande zote mbili, kwetu na kwa Papa Bahati. Nisingeweza kufanya vizuri zaidi. Sikukuambia hivyo.

"Nani alikutuma?" nilikuuliza. "Papa Bahati atasema nini?"

"Papa, siwezi kukuacha na hii giza."

Hilo nililisikia. Nilijifanya sikulisikia, kama redio ya leo. Kisha ukasema, kwa upole, "Kuya uone kitu," ukanionyesha chini kwenye ufa. Sikuinama. Niliingia ndani, na tangu hapo mama yako akapata kazi ya ukalimani.

Siku ulipokwenda sokoni kununua sanduku, nilitoka nikainama. Shina langu la zambarau limekuwa nene kuliko mkono wangu, na limelizunguka lile la Papa Bahati kutoka chini hadi ulipokata. Nililikwaruza la kwangu kwa ukucha, chini ya gome nikaona kijani. Nikalikwaruza la kwake. Kahawia. Nikakwaruza chini zaidi, karibu na udongo. Kahawia tupu. Nililivunja kwa vidole, likatoa sauti ya kuni. Hilo halikufa mwaka huu wala mwaka jana. Lilikufa zamani, gizani, na muuaji wake ni ya kwangu ile yenye haraka, na miaka yote hiyo nilikuwa nasimama mlangoni na kuwaambia watu kwamba nalinda mali ya rafiki yangu.

Nilikuwa na huzuni, Mwavita, na haya pia. Nilikuwa nimekukasirikia wewe kwa kuikata, na kumbe ulikuwa umechelewa, na aliyekuchelewesha ni mimi.

Juzi nikatafuta namba ya Papa Bahati kwa binti anayeuza fromage sokoni Birere. Jirani yetu yuko Mbarara, Uganda, anauza maziwa. Nilimpigia, na alipojua ni mimi akacheka. Tuliongea ng'ombe, tukaongea magoti yake. Nikapata ujasiri.

"Bugenvile yetu ilikatwa," nikamwambia. "Mutoto njo alikata. Weye haukukuwa hapa."

"Bugenvile gani?"

"Ya mupaka."

"Ah, ile. Na hii miaka yote ulikuwa unakata na nani?"

"Hakuna mutu. Ulisema tutakata wote."

Nikasikia kuku wa kule wakilia kwenye simu. "Mimi nilisema vile?"

"Ulisema."

"Papa Mwavita," akasema, taratibu kama anavyosema mtu na mgonjwa, "siku ile nilikuwa natafuta kufuli. Nilikuwa nasema tu."

Alikuwa anasema tu. Maneno niliyoyabeba mpaka nikazeeka nayo, mwenyewe aliyasema akiwa anajipapasa mifukoni. Nikamwambia na hilo lingine, kwamba shina lake limekufa na lililoliua ni langu. Nilitarajia anune. Akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuambia iko na haraka!" Nami nikacheka, bila kutaka. Kabla ya kukata simu akaniuliza, "Na sasa nani atakuwa anakata yako?"

Sikuandiki haya ili ujifunze. Umeshajifunza, wewe ndiye uliyeshika msumeno. Naandika kwa sababu nilikosea nikiwa na nia safi, na makosa ya namna hiyo yana tabia ya kurithiwa. Mimi nilidhani uaminifu ni kutogusa. Ukiachiwa kitu, unakiweka kama kilivyo, unangoja. Ungemwuliza mtu yeyote mtaani angekuambia Papa Mwavita ni mtu wa kuaminika. Kumbe simu ilikuwa mfukoni mwangu, na namba yake ilikuwa ya kuulizia tu Birere. Ningempigia mwaka wa kwanza nikamwambia, ndugu yangu, mvua zimeisha, nakata pande zote mbili, wewe unisimamie huko huko kwa simu. Angesema kata. Shina lake lingekuwa hai.

Huko Uvira tafuta mtu wa kukukata. Sisemi mume, hilo mama yako analo. Nasema mtu ambaye akikuambia una haraka utanuna, halafu baada ya siku chache utarudi kwake mwenyewe. Una haraka, Mwavita. Umeipata kwangu, mimi nimeizeesha tu ikafanana na utulivu. Hapa nyumbani ulikuwa unakatwa na mama yako. Kule watakuita daktari hata kama wewe ni wa laboratoire, na watu wakikuita hivyo hawakukati.

Nilifikiri kukufungia kijiti cha zambarau kwenye gunia bichi, ukakipande. Nimeacha. Uvira wanazo bugenvile zao, tena wana udongo. Mimi nitaomba kijiti kingine cha chungwa kwa masista wa Masisi, nikipande pale pale kwenye ufa. Na ya kwangu nitaikata kwa mkono wangu mwenyewe, kila mvua zikipungua, pande zote mbili, ingawa itaniuma na sitakuwa na mtu wa kumnunia.

Chumba chako sasa kina mwanga. Nilisimama humo jana ukiwa nje, nikaona sura ya ukuta kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kuna mahali uliandika jina lako kwa mkaa ukiwa mdogo. Mama yako anataka kuweka cherehani yake humo. Nimekubali, na nimekubali bila kusema "sawa".

Sasa jibu. Kesho nitakusindikiza mpaka port, sanduku kubwa nitalibeba mimi, na usibishane nami mbele ya watu. Nitakuambia, "Kwenda muzuri, mama." Nitaongeza kwamba nakupenda, na ikinishinda pale kwa sababu ya kelele za boti, ulisome hapa: nakupenda, na ulikata vizuri.

Nawe utataka kusema kitu, nakujua. Utataka kuniambia nikuwekee chumba, au nisiguse bugenvile mpaka uje tuikate pamoja. Tafadhali, mwanangu, neno "nikirudi" usilitamke. Rudi ukitaka, mlango unaujua. Lakini usiniambie. Watu wengine wakiambiwa hivyo wanaelewa kwamba ni maneno ya kuagana tu. Mimi nikiambiwa, nangoja.

Baba yako, chumba cha pili.